Ngozi Juu ya Ufa

Kila asubuhi Bujiku alilinywesha lori lake kabla hajanywa uji mwenyewe. Alifungua kifuniko cha injini, akamimina oili kutoka kwenye debe, akapima kwa kijiti, akamimina tena. Kisha alichukua hendeli, akaichomeka mbele ya gari na kuanza kuzungusha. Alizungusha mara kumi, mara ishirini, mpaka bega likamuuma. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Halafu moshi wa buluu ulitoka nyuma ukajaa uani, na mkewe, Mbuke, alikimbilia kuanua nguo.

"Leo limewaka mapema," alisema Bujiku.

Alisema hivyo kila siku. Mbuke alikuwa amechoka kujibu.

Walikaa pembeni mwa mji wa Shinyanga, karibu na reli. Ulikuwa mwaka wa 1936. Kule Geita watu walikuwa wakichimba dhahabu, na mtu anayechimba anataka kula. Kwa hiyo Bujiku alipakia mtama na mahindi Shinyanga, akapita Msalala, akapita Bugarama, akaenda kushusha Geita. Siku tatu kwenda na siku tatu kurudi, kama mvua haijanyesha. Ikinyesha, ule udongo mweusi wa mbugani ulishika magurudumu, na mtu akalala porini juu ya magunia yake.

Lori hilo alilinunua likiwa limeshazeeka mikononi mwa tajiri mmoja. Aliuza ng'ombe wake wote ishirini. Kwa Msukuma, hilo si jambo dogo. Kaka yake, Ngassa, mfugaji wa Samuye, alikaa mwaka mzima bila kumsemesha. Alipofungua kinywa alimwambia neno moja tu, kwamba chuma hakizai ndama. Bujiku alicheka. Siku hizo lori lilikuwa bado na nguvu, na kucheka kulikuwa rahisi.

Baada ya hao ishirini, ng'ombe pekee waliobaki mikononi mwake walikuwa kumi na wawili. Hao walikuwa mahari ya binti yake, Apolonia. Waliletwa na mkwe wake, Mihayo wa Bugarama, na Ngassa aliwachunga Samuye pamoja na wa kwake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo. Ng'ombe wa mahari si mali ya kuchezea. Ndoa ikidumu, ni wako. Ndoa ikivunjika, sharti warudi walikotoka. Kama hawapo, binti haondoki. Atakaa huko huko, apende asipende. Kila mzazi wa huko alijua hivyo, na Bujiku alijua vilevile.

Lakini mwaka uliotangulia, lori lilipoanza kutoa moshi, fundi mmoja wa mjini alimwambia kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Zikiwekwa mpya, gari litarudi ujana. Bujiku alikwenda Samuye, akatoa ng'ombe wanne kati ya wale kumi na wawili, akawauza. Ringi zikawekwa. Injini ilifanya kazi vizuri miezi mitano. Baada ya hiyo mitano, ilipofika Februari, moshi ukarudi, tena mwingi kuliko kwanza.

Mwezi huo huo ilifika habari kutoka Bugarama. Mama mmoja aliyekuja gulioni alimwambia Mbuke kwamba Mihayo ni mwepesi wa mkono, na kwamba Apolonia anataka kurudi nyumbani. Mbuke alimweleza mumewe maneno yote, bila kupunguza.

Bujiku alikuwa chini ya gari. Alisikiliza, akajibu kutoka huko huko chini.

"Subiri injini itengemae," alisema. "Nitapiga safari msimu mmoja, nirudishe wale wanne. Halafu nitamfuata mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga kazi zake, hii kwanza, ile baadaye. Na Mbuke alisubiri.

Mwezi wa Juni, njia zilipokwisha kukauka, Bujiku alipita Bugarama na mzigo wa mtama. Rejeta ilichemka hapo hapo penye njia ya kwenda kwa Mihayo. Mvuke ulitoka puani mwa gari kama chungu cha maharage. Apolonia alilijua lori la baba yake kwa moshi wake. Alikuja na kibuyu cha maji kichwani, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huku?"

Apolonia aligeuza uso, kana kwamba anatazama vichaka vya upande wa pili. Bujiku aliuliza tena. Akajibu kwamba hawajambo, akamsaidia kumimina maji. Bujiku alimweleza kwamba injini inakaribia kutengenezwa kabisa, avumilie kidogo. Wakati wote huo binti alikuwa amempa shavu la kulia, macho yapo vichakani. Bujiku aliona kwamba amekasirika. Alijiambia kwamba ana haki ya kukasirika, akapanda gari lake akaenda.

Safari hiyo nusura lori lisirudi. Mlima mdogo tu, abiria walishuka wakasukuma. Oili ilikwisha njiani, akanunua nyingine kwa bei ya kumwibia. Alipofika Shinyanga, alikaa nyuma ya usukani muda mrefu bila kushuka. Alijiona mtu aliyekwisha.

Kesho yake Abdu alimwita. Abdu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mzaliwa wa Ujiji, mwenye duka na lori moja la kwake. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka unga Geita kila wiki, kiangazi chote, na lori moja halikutosha. Alimwambia Bujiku kwamba la pili liwe lake, ila alitaka gari zima. Hakutaka unga wa watu ulale porini. Alimpa mpaka mwanzo wa mwezi.

Bujiku alirudi nyumbani akitembea upesi. Kumbe mlango haujafungwa. Aliona safari zote za kiangazi zimejipanga mbele yake, na mwisho wake ng'ombe wamerudi na mtoto amerudi. Alimtumia Ngassa ujumbe alete ng'ombe sita mjini. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada.

Safari hii hakwenda kwa yule fundi wa ringi. Alikuwa amesikia habari za Fundi Maulidi, aliyefanya kazi miaka kumi na tatu katika karakana ya reli kule Tabora, na sasa alikuwa amefungua banda lake Shinyanga. Alhamisi asubuhi alilipeleka lori kwake, likitoa moshi njia nzima.

Fundi Maulidi alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa kuharakishwa. Siku ile ile alifungua injini, akamwita Bujiku aje aone. Alimwambia atie kidole ndani ya silinda, lile tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, akizungushe taratibu.

"Unasikia nini?"

Bujiku alizungusha. Alisema anasikia kama ukingo, upande mmoja.

Fundi alimweleza kwamba silinda inatakiwa kuwa mviringo kama mdomo wa kikombe. Hii imelika upande, imekuwa kama yai. Ringi ni mviringo. Ukiweka ringi mpya ndani ya yai, hazikai. Oili inapita pembeni, inaungua, na ndiyo ule moshi wa buluu. Yule fundi wa kwanza hakupima. Alibadilisha kilichokwisha, akaacha kilichokimaliza.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu wanne walikwenda bure," alisema Bujiku.

"Walinunua miezi mitano," alijibu Fundi Maulidi. Hakutaka kumdanganya, na hakutaka kumpiga mtu aliyeanguka.

Alimweleza dawa yake. Injini itolewe yote, ipelekwe Mwanza kwa treni, silinda zichongwe upya ziwe mviringo. Zinunuliwe pistoni kubwa zaidi, ringi zake, na beringi zote. Ikirudi imefanywa hivyo, itafanya kazi miaka mingi. Bujiku aliuliza gharama. Ilikuwa kama alivyokisia mwenyewe, ng'ombe sita wakubwa, labda na mtamba juu yake.

"Anza," alisema Bujiku. "Ng'ombe wako njiani. Wanauzwa Jumamosi."

Fundi Maulidi hakuanza. Alikwenda ndani ya banda, akarudi na nyundo ndogo. Alianza kulizunguka lori, akigonga chuma kimoja kimoja huku ameinamisha kichwa. Bujiku alimtazama akaona mambo ya ajabu. Injini ipo mbele, mtu anagonga nyuma.

Fundi alimweleza bila kusimama. Kule karakana, treni ikisimama, mtu hupita na nyundo akigonga kila gurudumu. Lililo zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Jicho hudanganywa na rangi, hudanganywa na tope na grisi, lakini sauti haifichiki. Kazi ya injini ni kubwa, alisema, na kabla ya kazi kubwa yeye hugonga gari zima.

Aligonga springi, zikalia. Aligonga ekseli, ikalia. Aliingia chini, akagonga chesisi, yaani ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba gari lote. Ililia, ililia, halafu ikanyamaza. Ikatoa tii, kama chungu kilichopasuka.

"Hapa pana nini?"

Bujiku alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapo palikuwa na kazi ya mikono yake. Masika ya mwaka uliopita, katikati ya kivuko cha mto, mhimili wa kushoto uliingia ufa kwa uzito wa mzigo. Bujiku alifanya kama mwanamume yeyote wa kwao anavyofanya kigoda kikipasuka au mpini wa jembe ukilegea. Alitafuta ngozi mbichi ya ng'ombe, akaikata mikanda, akaufunga ule mhimili kwa nguvu zake zote, mkanda juu ya mkanda. Akaacha jua lifanye kazi. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza, huwa ngumu kama ubao. Watu walikuja kutazama, wakamsifu. Gari lilitembea kama halijaguswa, na tangu hapo hakupatazama tena.

"Hapo pazima," alisema. "Nimepafunga mwenyewe."

"Naomba tupafungue."

Bujiku alikataa. Alisema ngozi haina ubaya, kinachoumwa ni injini, inayopiga kelele ni injini, na pesa anazotafuta ni za injini. Alianza kukasirika. Fundi Maulidi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Injini hii inatengenezeka," alisema fundi. "Hilo si swali. Swali ni kama gari hili linastahili injini. Siwezi kulijibu huku pamefungwa."

Walifungua. Kisu kiligoma, wakatumia patasi na nyundo. Ngozi ilitoka vipande vipande, na mkanda wa mwisho ulitoka na chuma. Si kutu tu, chuma chenyewe, magamba mekundu yaliyomwagika mikononi mwa Bujiku. Ufa uliokuwa mfupi kama kucha ulikuwa umeshuka mpaka chini. Upana wa vidole viwili tu vya mhimili ndio ulioshika gari zima, pamoja na mizigo yake yote na abiria wake wote. Msimu mzima ngozi ilikuwa ikinywa mvua na kuishika juu ya chuma, kama kitambaa kichafu juu ya kidonda.

Bujiku aliuliza kama hapawezi kupigwa bati na ribiti, zile pini nene za kugongelea chuma. Fundi aligonga huku na huku. Alisema ufa ungekuwa mdogo, na chuma cha pembeni kingekuwa hai, angepiga bati na kazi ingedumu. Lakini hapa pamelika pande zote. Ribiti haina pa kushika.

Walikaa kwenye gogo nje ya banda. Bujiku alikuwa bado ameshika yale magamba.

"Nikuulize," alisema Fundi Maulidi. "Tuseme leo huna gari. Mtu anakuletea hili, injini mpya kabisa, mifupa hii hii. Anataka ng'ombe sita. Utampa?"

"Nimeshatia wanne humu. Na ishirini kabla ya hao."

"Hao wamekwenda, bwana. Ukiwafuata, utawapeleka na hawa."

Bujiku aliyamwaga yale magamba chini. Alijua jibu, na ndiyo maana hakulitoa.

Fundi aliongeza neno moja. Lori likivunjika njiani na mzigo, litakuwa chuma chakavu, na huenda likaua mtu. Lakini leo bado lina magurudumu manne, ekseli mbili nzima, giaboksi nzuri, rejeta, taa na mbao. Kila kimoja kina mtu anayekitafuta. Gari likishapita umri wake, alisema, kuna siku linapokuwa na thamani kubwa likifunguliwa kuliko likitembea. Siku hiyo ikipita, haipo tena.

Bujiku alitembea nyumbani. Njia aliyoipita miaka mitano kwa kelele aliipita kimya, na watu walimuuliza lori liko wapi. Alisema liko kwa fundi. Uani alikuta ng'ombe sita wamefungwa. Ngassa alikuwa amewaleta, akaondoka bila kunywa hata maji. Jua lilikuwa bado juu. Bujiku alikaa kizingitini akawatazama, na moyoni akaanza kubishana na fundi. Labda mzee yule ni mwoga. Labda chuma kingine cha kuunga kitapatikana Mwanza. Labda kiangazi kimoja tu litavumilia, kimoja tu, mbona limevumilia mpaka leo. Mtu aliyekata tamaa ana labda nyingi sana. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amekwisha kuamua kuwauza.

Alimwambia Mbuke. Alimweleza habari yote, silinda, ngozi, ufa, mpaka lile swali la fundi, na mwisho wake akasema kwamba Jumamosi atakwenda mnadani hata hivyo. Hakuwa na kitu kingine duniani. Bila lori yeye ni nani?

Mbuke alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Apolonia hasikii sikio la kushoto," alisema.

Bujiku alimtazama.

"Tangu masika. Mihayo alimpiga kofi, damu ikatoka. Aliniambia msibani kwa shangazi yake. Akaniapisha nisikuambie, kwa sababu baba ana mzigo wake wa lori."

"Masika mwezi gani?"

"Machi."

Habari ya kwanza ilikuja Februari. Bujiku alihesabu, na hakuwa na pa kwenda na hesabu hiyo. Aliona tena barabara ya Bugarama, mvuke wa rejeta, na binti yake akigeuza uso. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akimpa baba yake sikio linalosikia.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuambia mtoto anaumia. Ukasema nisubiri injini itengemae."

Bujiku alilia, mtu mzima, mbele ya ng'ombe wale sita, na Mbuke hakumbembeleza. Alichukua ungo wake akaendelea kuchambua, maana na yeye alikuwa na machozi yake ya tangu Machi.

Kesho yake, ng'ombe walirudishwa Samuye. Bujiku aliwaswaga mwenyewe kwa miguu.

Halafu kazi ya kuliua lori ilianza. Waliifanya yeye na Fundi Maulidi, boliti kwa boliti. Masele, mkulima wa pamba, alitaka ekseli ya nyuma na magurudumu yake atengeneze mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe. Alitoa dume moja. Giaboksi na rejeta zilikwenda kwa mwenye lori la aina ile ile, na mbao pamoja na turubai vilikwenda kwa mwenye duka. Kila Bujiku alipopokea kitu, alikwenda moja kwa moja kununua ng'ombe, asije akajidanganya tena. Watu walipita wakicheka. Wengine walisema Bujiku sasa anauza nyama ya chuma kwa fungu. Mwishoni ilibaki injini mbovu juu ya matofali, na ile mihimili miwili, mmoja mzima, mmoja umekatika wenyewe wakati wa kuinua.

Ulikatika hapo bandani, bila mzigo. Wote wawili waliusikia. Fundi Maulidi hakusema nimekwambia. Alikwenda kunawa mikono.

Walipatikana ng'ombe watatu. Pamoja na wale wanane wakawa kumi na mmoja. Mihayo alipoulizwa na wazee alisema hataki maneno. Walikuja kumi na wawili, warudi kumi na wawili, ndipo wamchukue mtu wao.

Ilibaki mmoja, na Bujiku hakuwa tena na kitu cha kufungua. Alikwenda dukani kwa Abdu akasimama kama muombaji. Dereva wa Abdu alikuwa ametorokea kwenye dhahabu. Abdu alimpa ufunguo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na lori lake alikaa kwenye lori la mwenzake, akaendesha kwa mshahara, Agosti nzima na Septemba nzima. Kila alipofika Bugarama alisimama penye ile njia. Apolonia alikuja na kibuyu, ingawa gari hili halikuchemka. Bujiku alishuka, akazunguka upande wa kulia wa binti yake.

"Bado mmoja," alimwambia.

Wiki iliyofuata alimwambia tena bado mmoja. Na nyingine. Apolonia aliitikia kwa kichwa tu. Safari moja alikuja na mdomo uliovimba, na Bujiku aliendesha mpaka Geita bila kuona barabara vizuri. Hakuna jambo baya kama kuhesabu siku za mtu mwingine akiumia kwa deni lako.

Oktoba ng'ombe wa kumi na mbili alinunuliwa. Ngassa ndiye aliyewapeleka Bugarama, akashuhudia wanahesabiwa mbele ya wazee. Apolonia alitoka na mkeka wake na sufuria moja. Alipanda lori la Abdu, akakaa karibu na baba yake, na njia nzima hawakuzungumza, kwa sababu usukani wa lori lile ulikuwa kushoto, na sikio lake bovu ndilo lililomwelekea baba.

Tangu hapo nyumba ya Bujiku haikuwa na utajiri, lakini ilikula. Mshahara ulikuja kila mwezi, na hakuna aliyeanua nguo kwa ajili ya moshi. Miaka miwili baadaye lori la Abdu nalo lilianza kunywa oili. Abdu alitaka kununua ringi mara moja. Bujiku alimwomba siku moja. Aliliosha tope lote uani kwake, akatoa mbao za sakafu, akafungua kila waya, kila kamba na kila kitambaa kilichofungwa juu ya chuma. Alikuwa na nyundo ndogo. Aligonga mhimili wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho, kisha wa kulia. Yote miwili ililia.

Alimweleza Abdu kama alivyoelezwa. Mifupa ni mizima. Sasa fundi apime silinda, ajue kama zinataka ringi tu au zichongwe. Kisha Abdu ajiulize kama angelinunua gari hili leo kwa bei hiyo, asahau pesa alizokwisha kutia. Akiona angelinunua, atengeneze yote kwa mara moja. Akiona asingelinunua, aliuze likiwa bado linatembea. Fundi Maulidi alipima, silinda zikachongwa, na lori lile lilipeleka unga Geita miaka mingine minne bila kulala porini.

Siku hiyo ya kugonga, Apolonia alipita uani na maji. Bujiku alikuwa upande wake wa kushoto, amepiga magoti chini ya gari, koo limekauka kwa vumbi. Alimwita ampe maji. Apolonia alipita. Alimwita tena, kwa nguvu zaidi, naye akaendelea kwenda zake taratibu.

Bujiku aliweka nyundo chini. Alitoka chini ya gari, akamzunguka binti yake kwa nyuma, akasimama kulia kwake.

"Nilikuita," alisema.

"Sikusikia, baba."

"Najua, mwanangu. Hata mimi sikukusikia."